Kibaraza cha Katiba

Benchi letu liko mdomoni mwa uchochoro, pale lami inapokoma na nyumba zinapoanza kugusana mabega. Ni ubao mmoja juu ya matofali, unakaliwa na watu wanne na kulalamikiwa na sita. Asubuhi Shangazi, muuza kahawa wetu, anawasha jiko lake la mkaa, na harufu ya kahawa inaingia dirisha hadi dirisha, maana madirisha ya huku yametazamana kiasi kwamba mtu akipiga chafya chumbani kwake, jirani wa ng'ambo anampa pole. Nyuma ya benchi ipo meza yangu ya viatu. Mimi ni fundi viatu, nimezaliwa humu humu jijini, na kijiweni wananionea huruma kama yatima, eti ni mtu asiye na kwao.

Wenye kwao ni wawili. Wa kwanza ni seremala, tunamwita Waziri, kwa sababu kila Jumatatu huunda baraza jipya la mawaziri na Wizara ya Ardhi hajawahi kumpa mtu mwingine. Huyo anatoka milimani. Wa pili ni karani mstaafu wa serikali, tunamwita Katiba, kwa sababu hawezi kutia sukari kikombeni bila kutaja ibara. Huyo ni wa ziwani. Wametazamana mlango kwa mlango miaka kumi na tisa, na sijawahi kuwaona wakikubaliana ila siku moja bomba la maji machafu lilipopasuka, wote wakakimbia upande mmoja.

Alhamisi moja Waziri alifika macho mekundu. Chumba cha jirani yake mmoja wa ziwani kilikuwa kimepokea wageni saba, na wageni wenyewe, kwa maelezo yake, walikoroma kwa zamu.

– Jiji limejaa, akasema, na waliolijaza wanajulikana. Mtu wa ziwani akipata chumba kimoja, wiki ya pili ana binamu, wiki ya tatu binamu ana shemeji. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

– Wahenga walikuwa wanazungumzia akiba, si vyumba vya kupanga, akajibu Katiba. Na nyie wa milimani je? Nyie hamleti binamu, mnaleta ukuta. Mtu analala ukuta uko hapa, anaamka umesogea hatua mbili, na ukimuuliza anakwambia mvua ndiyo imeusukuma.

Shangazi akauliza yeye wamweke kundi gani, kwa kuwa mama yake ni wa tambarare na baba yake hakuwahi kusema. Hakuna aliyethubutu kumpangia, maana birika lilikuwa mkononi mwake.

Kikombe cha pili kilipoingia, nchi ikaanza kupangwa upya. Waziri alitaka kila mkoa upewe siku yake ya kukaa jijini: Jumatatu milimani, Jumanne ziwani, na kuendelea, wengine wote wawe kwao wakilima. Katiba akauliza Jumapili ni ya nani. Akajibiwa Jumapili ni ya mawaziri, wapumzike. Katiba naye akatoa lake: asigombee mtu ubunge mpaka awe amepanga mwaka mzima kwenye nyumba ya vyumba tisa na choo kimoja, na wapangaji wenzake watie sahihi kuwa zamu yake ya kuosha alikuwa anaosha. Hilo lilitupendeza. Waziri hakutaka kupitwa, akasema basi Bunge lenyewe lihamie kwenye nyumba hiyo, bajeti itapita dakika kumi, maana mwenzako yuko nje ameshika ndoo anagonga mlango.

– Nyumba ya udongo haihimili vishindo, akamalizia.

Hatukujua anamaanisha nyumba ipi, lakini tuliitikia kwa vichwa.

Hapo ndipo alipotokea mwanamume mmoja mwenye sare, anahema, funguo za gari mkononi. Alikuwa dereva wa zahanati. Gari lake lilikuwa limesimama kwenye lami, na muuguzi ametangulia ndani kwa miguu. Amepigiwa simu kwamba fundi cherehani wa chumba namba tisa, kule mwisho, uchungu umemshika tangu alfajiri na hali si nzuri. Mume wake yuko machimbo ya kokoto, mwendo wa nusu siku.

– Samahanini wazee. Gari linapitia wapi?

Swali lenyewe la mtoto wa chekechea.

Tuligeuka tukautazama uchochoro kana kwamba ndio kwanza tunauona. Mimi nakumbuka enzi ambazo lori la mchanga lilikuwa likipita pale na kugeuza. Sasa mbele palikuwa na meza yangu. Baada ya meza, jiko la Shangazi. Baada ya jiko, banda la mabati ambalo Waziri aliwekea mbao zake, nguzo zimechimbiwa katikati ya njia. Na mkabala wa banda, kibaraza cha Katiba, saruji tupu, ngazi tatu, ambacho alimjengea mkewe mwaka aliostaafu. Mama huyo magoti yanamsumbua, hawezi kukaa chini wala kwenda mbali, na pale ndipo anapoota jua na kusalimiana na dunia. Kila mmoja wetu alikuwa amechukua kidogo tu. Tulipojumlisha, tulikuwa tumechukua njia nzima.

– Na machela?

Aliyeuliza ni Katiba, sauti imemshuka.

– Ya kwetu ni ya magurudumu, mzee. Haipandi ngazi wala hairuki mbao.

Waziri aliinuka. Alikwenda bandani kwake akatoka na mlango, mbao ngumu, umepigwa vanishi jana yake tu. Ulikuwa umeagizwa na ofisi ya mgombea mmoja wa udiwani. Aliuweka begani, na sisi tukamfuata.

Tulimkuta fundi cherehani ameshika ukingo wa kitanda, muuguzi anamfuta uso. Tukatandika mablanketi juu ya mlango, tukamlaza, tukashika pembe nne: Katiba na mimi mbele, Waziri na dereva nyuma. Njia nzima tulikwenda kiubavuubavu kama kaa. Kufika penye banda, Waziri akasema tuinamishe kushoto, Katiba akasema kulia, kwa kuwa anayetangulia ndiye anayeona. Waziri akasema anayebeba uzito ndiye anayeamua, na kwao milimani watu wamezaliwa wakibeba. Katiba akaanza habari za haki ya anayebebwa. Mlango ukayumba.

– Mkitaka kugombana, akasema fundi cherehani, meno ameyauma, niteremsheni nitembee.

Tulimpitisha juu ya kibaraza, mlango tumeunyanyua vichwani, na mke wa Katiba, aliyekuwa amekaa pale, akavuta miguu yake kwa mikono miwili ili tupate pa kukanyaga. Binti alipopita juu yake, mama alimshika vidole, akamwambia taratibu, mwanangu, utafika. Nilimwona Katiba akimtazama mkewe, kisha akaitazama saruji.

Tulimpakia garini, na kabla ya saa nzima kupita alijifungua mtoto wa kike kule zahanati. Muuguzi alituma salamu kwamba mama na mtoto wazima, ila tungechelewa dakika chache tu, zingekuwa habari nyingine. Shangazi aliposikia alimimina kahawa ya bure, akasema amepiga kura tangu ujana wake na ndiyo mara ya kwanza kuona siasa imembeba mwananchi. Tulicheka mpaka machozi.

Mchana huohuo Waziri aling'oa nguzo za banda, moja baada ya moja, bila hotuba. Mimi nikasogeza meza hadi ukutani, Shangazi akahamishia jiko upande wa pili wa benchi. Katiba ndiye aliyezungumza sana. Alisema kibaraza si banda. Alisema saruji ina historia. Alitaja ibara ya kulinda mali ya raia na vifungu vyake vidogo. Tulimsikiliza hadi akaishiwa, ndipo akasema neno lake hasa.

– Nikikibomoa, mama atakaa wapi?

Waziri alimaliza kahawa yake akaenda zake.

Siku ya tatu walimrudisha mzazi. Gari la zahanati liliingia polepole, vioo vya pembeni vimekunjwa, watu wamejaa madirishani wanamwelekeza dereva kila mtu njia yake. Ubavu wa gari ulipita kwenye kibaraza kwa upana wa kidole. Katiba akajawa na furaha. Alitutazama mmoja mmoja.

– Mmeona? Linapita.

Gari likasimama mbele ya chumba namba tisa. Mume, vumbi la kokoto bado kwenye nyusi, alimsaidia mkewe kushuka, wakaja kwa miguu hadi kibarazani kumsalimia mke wa Katiba. Mtoto akawekwa mikononi mwake. Watu wakasogea, wengine wakimtafutia pua ya ziwani, wengine paji la milimani. Tulikuwa katikati ya hilo dereva alipotoa kichwa dirishani.

– Sasa wazee, nageuzia wapi?

Mbele yake palikuwa na ukuta. Mahali pekee penye upana ni pale banda lilipokuwa, na pale kona ya kibaraza ilikata njia. Kurudi kinyumenyume hadi kwenye lami, kwenye uchochoro ule, dereva alisema ameweza kuingia kwa bahati na bahati haina gia ya nyuma. Tulimwelewa. Hakuna aliyemtazama Katiba, jambo ambalo nadhani lilimuumiza kuliko kutazamwa.

Mke wake ndiye aliyesogea. Alimshikilia mtoto kifuani kwa mkono mmoja, mwingine akauweka ukutani, akasimama. Ilimchukua muda. Hatukumsaidia, kwa sababu uso wake ulitukataza.

– Baba, akamwambia mumewe, mimi nimeshasimama.

Katiba alivua koti lake la ustaafu akalikunja vizuri, akaliweka benchini.

– Waziri, niazime nyundo yako. Ile kubwa.

Waziri alikwenda kwake. Alikaa kidogo, na aliporudi nyundo ilikuwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto amebeba kiti. Hatukuwa tumekiona. Kilikuwa kirefu kupita viti vya kawaida, mtu akae bila kukunja sana magoti, kina mikono mipana ya kujiinulia, na kimepigwa msasa hadi kinang'aa. Alikiweka juani, upande wa ukutani, akakitikisa kuona kama kinacheza. Hakikucheza. Mama akakaa, mtoto mapajani, akafumba macho.

Katiba alikizunguka kiti mara mbili, akapapasa mgongo wake.

– Mbao hizi, akauliza, ni za milimani?

– Ni za bandani, akasema Waziri. Piga nyundo, mzee, watu wanasubiri njia.