Sindano ya Mlango wa Kizazi

Boti ya kwenda Bumbire ilikuwa nusu tupu. Mbele ya Gaudiosa walikaa wanawake wawili waliokutana ufukweni asubuhi hiyohiyo, na tayari walikuwa wanabishana.

"Mjukuu wangu hachanjwi," alisema yule mzee. Ziwa lilikuwa shwari, lakini boya lake alikuwa amelikaza hadi kidevuni. "Shuleni wametangaza wenyewe, chanjo ya mlango wa kizazi. Mlango ukishafungwa, waitu, vitukuu nitawapata wapi?"

"Haifungi, mama. Inazuia saratani ya hapo mlangoni. Siku hizi ni sindano moja tu."

"Moja ya kufunga!"

Gaudiosa alikipakata kikapu chake kama mtoto. Angezaa wa kike, angemwita Alistidia. Jina hilo alikuwa amelichagua tangu harusi yake.

Mashine ilizimwa, boti ikagusa mchanga. Gaudiosa akamshika bibi mkono amsaidie kushuka.

"Mimi sikuchanjwa, mama," alisema. "Wakati wangu chanjo ilikuwa haijafika. Saratani ikaja. Madaktari wakaniokoa, kizazi wakakitoa."

Bibi alisimama majini, boya bado shingoni, asiuachie ule mkono.