Pumzi Katika Kanda ya Harusi ya Saumu

Nawasalimu katika jina la Bwana, ninyi mlioketi na ninyi mliosimama pale mlangoni. Asifiwe yeye aliyenitoa nilikokuwa. Mimi ni Mama Mwende wa hapa Chaani. Wengi wenu mliniona nikipotea kanisani karibu mwaka mzima, mkabisha kwangu bila kufunguliwa, mkadhani nimerudi kwetu Ukambani. Sikwenda popote. Nilikuwa nyumbani kwangu, mapazia yamefungwa mchana kutwa, na leo nataka kuwaambia nilikuwa nikifanya nini mle ndani.

Mume wangu Musyoka alikuwa mpiga picha za video. Harusi, mazishi, mahafali ya shule, kote aliitwa. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Aliniachia kamera, deki mbili za kuchezea kanda na kabati lililojaa kanda, nyingine zimeanza kuota ukungu mweupe kama unga, maana unyevu wa huku mnaujua.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Watu walikuwa wameanza kununua mashine za CD, na walitaka harusi zao zitolewe kwenye kanda zihamishiwe huko. Lakini studio zote nilizozijua ziliendeshwa na wanaume, na majirani zetu Waislamu wa Likoni na Kisauni hawakutaka mwanamume wa nje atazame kanda za wanawake, ambapo bibi harusi ameketi bila buibui na wenziwe wanacheza. Nikaona Mungu amenifungulia mlango. Mjane, kazi ya kufanyia nyumbani, wateja wanawake. Kilichokosekana ni kompyuta.

Mpya sikuiweza. Nikaelekezwa kwa Fundi Athumani, ng'ambo ya Likoni, mtu mzima mpole aliyekuwa akiunda kompyuta kwa vipande, vingine vipya, vingine vilivyotoka kwenye ofisi zilizobadilisha mashine zao. Alinikalisha kwenye stuli, akavipanga mezani mbele yangu.

"Sikiza, Mama Mwende," akasema. "Kwa kiasi chako huwezi kupata kila kitu. Video ni mzigo mzito. Usikimbilie prosesa ya mbio. Chukua ya kadiri, kisha ununue kadi ya kunasa picha inayozibana yenyewe ziwe ndogo, ili prosesa isitaabike. Kinachobaki chote tia kwenye memori na diski kuu. Diski ikiwa ndogo, utaingiza nusu ya harusi, mashine ikwambie imeshiba."

"Na sauti?" nikamuuliza.

"Sauti imo humu kwenye bodi. Yatosha. Watu wataka kuona."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kupotea, pale kwenye stuli. Maana mimi nilikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Katika zile kanda zote, Musyoka haonekani hata mara moja. Alikuwa nyuma ya kamera. Lakini anasikika. Kelele za watu zikitulia, unasikia pumzi yake karibu, ikipiga mluzi mdogo puani. Mara husema, "Sogea kidogo, mama," au "Hapo hapo." Nilikuwa nimeisikia kwenye televisheni yetu mbovu, kwa mbali, na moyo wangu ulitaka kuisikia vizuri.

Basi nikamdanganya fundi. Nikamwambia wateja wangu ni watu wa taarabu, bila sauti safi watanikimbia. Nikachukua kadi nzuri ya sauti, na hedifoni nzito za kufunika masikio yote. Ili zitoshe, nikapunguza memori nusu na kuchagua diski ndogo. Athumani aliunda bila kubishana. Alipomaliza akaitazama, akasema, "Wallahi, mashine hii itasikia kuliko itakavyoona."

Ile kadi ilikuja na maiki ndogo. Akaichomeka kwa nyuma, akaniambia siku moja nitaweza kutia maneno ya kuwakaribisha watazamaji mwanzoni mwa harusi. Mimi niliilaza mezani, nikaifunika kwa kitambaa pamoja na nyaya nyingine, nikaisahau.

Wiki za kwanza nilifanya kazi ya watu asubuhi, na alasiri nikajifungia na kanda za Musyoka. Nilivaa hedifoni, nikafumba macho. Pumzi ile ilikuja kama ameketi bega kwa bega nami. Nilianza kumsalimu. Baadaye nikawa namweleza habari za siku, bei ya unga, Mwende amesema nini.

Kisha siku moja nilikuwa nikiingiza kanda ya mteja, harusi ya Kisauni, ambayo Musyoka hakuipiga. Alikuwa amekwisha kuzikwa harusi ile ilipofanywa. Ngoma zikatulia, na nikaisikia pumzi.

 Nikasimamisha deki. Picha ikaganda, kanda ikanyamaza, lakini pumzi haikunyamaza. Nikazuia pumzi yangu ili nisikilize vizuri, naye akatulia. Nilipopumua, akapumua. Nikadhani ananingoja. Nikamwita kwa sauti ndogo, "Musyoka," na jina likanirudia masikioni, dogo, la mbali, kama mtu anayejaribu kulitamka kutoka chumba kingine.

Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha leo. Nilifurahi.

Tangu siku hiyo sikutaka mtu aingie. Mwende, binti yangu aliyeolewa Kisauni, alikuja Jumamosi akabisha, nikamjibu dirishani kwamba nina mafua nitamwambukiza. Alisimama pale nje muda mrefu na mfuko wake wa maembe. "Mama, unaongea na nani humo ndani?" akaniuliza. Nikamwambia ni redio. Mikate ilikauka mezani. Nilikonda mpaka pete ikaanguka ndani ya beseni. Kazi za wateja nilizikamilisha, lakini nilizijaribu kwa macho tu, picha ikitembea nikaona inatosha. Masikio yangu yalikuwa na shughuli nyingine.

Ndipo alipokuja Bi Riziki.

Bi Riziki ni mama wa makamo wa Shika Adabu, nilikuwa nimemhamishia kanda ya harusi ya binti yake, Saumu. Alipiga hodi saa nne asubuhi, nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, lakini hakuketi. Alitoa ile CD kwenye mkoba wake, imefungwa kwa kitambaa, akaishika kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, nataka usikize kitu, unambie kama masikio yangu yamezeeka."

Tukaiweka. Saumu amekaa kwenye kiti chake amepambwa, mkono una hina mpaka kiwikoni, wanawake wanapita mmoja mmoja kumtazama. Muziki umezimwa kidogo. Na pale kwenye utulivu, juu ya uso wa yule msichana, ikasikika pumzi nzito. Halafu sauti ya mwanamke, karibu mno, ikinong'ona, "Nimechoka kukungoja. Njoo unichukue."

"Saumu yuwalia tangu juzi," Bi Riziki akasema. "Hali, halali. Asema ni jini limemtaka tangu siku ya harusi. Mume amemrudisha kwangu, na watu wake wasema tumewaoza mwana mwenye mwenyewe. Wataka kuvunja ndoa. Wewe ndiwe uliyeihamisha. Uliyasikia haya?"

Ndugu zangu, mimi niliyajua maneno yale. Sauti sikuitambua, maana nani ameizoea sauti yake mwenyewe? Lakini maneno yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyasema palepale mezani, alasiri moja, kanda ya mteja ikizunguka kwenye deki.  Nikamjibu, "Labda ni mashine. Niachie niichunguze." Akaniachia CD na kanda yake ya asili, akaondoka, nami nikafunga mlango.

Siku ile sikuvaa hedifoni. Kesho yake nikaibeba kompyuta mpaka Likoni kwa Athumani, pamoja na deki na kanda ya Saumu.

Aliponiona jinsi nilivyokonda alinivutia stuli. Nilipotia kanda akageuza uso. "Zima kioo. Hii ni kanda ya wanawake, mimi nitasikiza tu." Nikazima. Akavaa hedifoni, akasikiliza, akakunja uso. Akasimamisha deki. Akaniinamia mezani nilipokuwa.

"Mama Mwende, usiseme kitu. Pumua tu."

Nikapumua.

"Zuia."

Nikazuia. Akavua hedifoni, akaingiza mkono nyuma ya mashine, akaufuata waya mpaka mwisho, akaitoa ile maiki niliyokuja nayo bado imefungwa pamoja na kitambaa changu. "Iko wazi tangu siku niliyoichomeka. Kila kilichotoka kwenye kanda kimechanganyika na kilichosemwa mezani kwako. Pumzi hii ni yako, mamangu."

Hakuniuliza nilikuwa nikisema na nani. Alitoka nje, akaniacha na mashine.

Nilikaa pale, kioo kimezimwa, nikauona uso wangu mweusi ndani yake. Miezi yote ile hakuna aliyenijia. Nilikuwa nikijiitikia mwenyewe, na kunong'ona kwangu kumeingia katika harusi za watu wasionijua, nikawa ndimi jini nyumbani mwao. Nikaomba. Nilisema, "Bwana, nitoe humu." Sikusikia sauti ya kunijibu, na nalisema hili wazi kwa sababu sauti nilikuwa nimezisikia za kutosha. Ila niliinuka. Miguu iliyokuwa haitaki kuvuka kizingiti cha nyumba yangu ilinipeleka Shika Adabu mchana ule ule.

Nilijua nikisema nitaaibika, na kazi itakwisha. Nikaingia ndani, wanawake watano sita wamekaa mkekani, na Saumu amejikunja ukutani, shuka mpaka shingoni na joto lote lile. Nikapiga magoti mbele yake.

"Hakuna jini," nikasema. "Ni mimi."

Hawakuniamini. Shangazi mmoja akasema nimelipwa kuficha aibu. Basi nikafanya lile lililokuwa gumu kuliko yote. Nikainamia sikio la Saumu nikayarudia maneno yale, kwa pumzi ile ile. Alipiga kelele, akanisukuma. Halafu akanitazama sana.

"Ndiyo yeye," akawaambia wenziwe. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa wamwambia nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalitamka. "Amekufa."

Nililia kilio ambacho sikukilia kaburini. Bi Riziki akanishika mabega. "Sisi mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi," akasema. "Nawe wakaa eda tangu lini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Hata eda ina siku ya kutoka, mwanangu. Inuka ule."

Saumu ndiye aliyeniletea sahani, wali na samaki wa nazi, akakaa akala nami. Mumewe alikuja baada ya siku tatu kumchukua, baada ya Fundi Athumani kwenda mwenyewe kumweleza mambo ya ile maiki. Nilizikusanya CD zote nilizozitoa, nyumba kwa nyumba, nikazirudia upya bila malipo. Wapo waliokataa kunipa kanda tena, na siwalaumu.

Kanda za Musyoka nilizitazama pamoja na Mwende, mara moja, mapazia wazi. Alimcheka baba yake kwa kile kimluzi cha puani, nami nikacheka. Amezichukua kwake.

Wengine mtauliza kwa nini Mungu alinitoa kwa mkono wa fundi Mwislamu na mama wa Shika Adabu. Sijui. Ninyi mlibisha mlangoni kwangu nami sikufungua, basi akawatuma niliolazimika kuwafungulia. Namshukuru kwa wote wawili, na kwa Saumu, ambaye sasa ana mimba.

Ndugu zangu, najua humu yumo aliyezika mtu akafunga mlango nyuma yake. Usingoje uaibike kama mimi. Mtegemee Bwana, naye akikuletea mtu wa kubisha, fungua. Ibada ikiisha nitakuwa kwenye benchi la nyuma. Njoo tuketi. Si lazima useme neno.