Bu Hodi wa Samad

Asalaam alaykum, wasikilizaji wapendwa. Asubuhi ya leo nilikuwa jikoni natoa kokwa za tende, mikono yote inanata, simu ikalia. Nilipokwisha nawa nikaona ni ujumbe wa sauti kanitumia Huwaida, binti wa marehemu Mzee Humoud wa Samad Ash Shan. Mara ya kwanza nimeisikiliza nimekaa. Mara ya pili nimeinuka kwanza, nikaenda kufunga mlango wa nyuma. Sijui kwa nini.

Basi leo tumkumbuke Mzee Humoud, mkulima. Mkulima wa mitende, lakini kazaliwa Pemba, huko Wete, kwenye mikarafuu. Kaja Oman miaka ya sabini na mkewe, Bi Radhia. Akakabidhiwa shamba la babu yake pale Samad. Mtende hakuujua. Siku ya kwanza kauparamia kama anapanda mkarafuu, kashuka na miba mapajani. Bi Radhia kacheka mpaka kakaa chini.

Shamba lile linakunywa maji ya falaji, ule mfereji unaotoka mlimani. Kila mtu ana zamu yake. Zamu ikifika unaondoa jiwe na matambara yaliyoziba, maji yanaingia kwako. Usipoondoa, yanakwenda kwa jirani.

Sasa sikilizeni. Kwao Mzee Humoud, mtu haingii shambani bila ya hodi. Na yeye kaja nayo ile hodi. Zamu yake ikifika anasimama kwenye kijilango cha ukuta wa udongo, anaita: "Hodi!" Shamba lake mwenyewe! Bi Radhia yumo ndani, kakaa juu ya jiwe lake anaosha vyombo, anaitikia: "Karibu! Mbona umekawia?" Na nyumba ipo palepale, hakukawia popote. Ndiyo mzaha wao.

Jirani yao Maen, Momani wa hapohapo, Kiswahili hajui hata kidogo, alikuwa akimtania. "Mo hodi, hodi ndiyo nini, ya Humoud? Unawapigia hodi majini?"

"Nampigia hodi mke wangu. Jini ni weye."

Mtaa mzima ukamwita Bu Hodi, yaani baba wa hodi.

Lakini hodi ina sheria yake, wasikilizaji wapendwa. Hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, unarudi ulikotoka. Mzee Humoud alikuwa akiifuata sheria hiyo kwelikweli.

Bi Radhia akafariki. Zamu ikafika. Mzee kenda kijilangoni. Hodi. Hodi. Hodi. Kimya. Akageuka, akarudi nyumbani, maji yakapita kwenda kwa Maen. Na zamu iliyofuata vilevile. Mitende ikaanza kukauka vichwa.

Azzam, mtoto wake wa kiume, akataka kuchimba kisima na kutia pampu. "Baba, shamba linakufa kwa sababu ya hodi?"

"Kwenye pampu utampigia hodi nani?"

Wakapandishiana sauti. Azzam akahamia Sur. Sikukuu ikaja, naye akaja na watoto wake na mfuko wa samaki. Kasimama mlangoni. Hodi, Baba. Hodi. Hodi. Mzee yumo ndani, tasbihi mkononi. Huwaida alitaka kujibu. Baba yake akamwekea kidole mdomoni. Azzam akauacha mfuko kizingitini, akaondoka. Hodi ni tatu.

Huwaida hakulala vizuri tangu siku ile. Na mitende inakauka. Basi akafanya jambo. Zamu ikifika anazunguka nyuma ya ukuta, anakaa juu ya jiwe la mama yake. Baba akiita, yeye anaitikia kwa sauti ya mama: "Karibu!" Hilo tu. Yale maneno mengine hakuyathubutu. Mzee anaingia, anafungua maji, hamtazami. Mitende ikarudi kuchanua. Alijua? Huwaida anasema, "Wallahi mpaka leo sijui."

Huwaida ni mwalimu, anasomesha skuli huko Ibra. Mwezi uliopita, zamu ya maji ikaangukia asubuhi ya siku ya skuli. Akamwambia, "Baba, leo usende, ningoje nirudi." Mzee akasema inshallah.

Walimpigia simu yumo darasani. Maen ndiye aliyemkuta. Mzee Humoud kakaa chini ya mtende, miguu ndani ya maji, amekwisha fariki. Maji yamefunguliwa. Yalikuwa hayajafika kwenye jiwe la Bi Radhia, lakini lile jiwe lilikuwa limerowa chepechepe.

Maen kamwambia Huwaida, "Mimi nilidhani hukwenda skuli. Alipiga ile hodi yake, nawe ukamjibu. Ndiyo nikaenda zangu."

"Nilimjibu nini, ami?"

Maen akafikiri. "Karibu. Halafu neno jingine, silijui. Kawia. Me-kawia."

Huwaida akashika ukuta.

Tunaipa pole familia ya Mzee Humoud. Mwenyezi Mungu amrehemu, amweke pamoja na Bi Radhia. Azzam alikuja makaburini, akamzika baba yake, akarudi Sur. Nyumbani hakuingia. Hakuna aliyemkaribisha.

Na zamu za maji zinapita. Huwaida anafika kijilangoni, mdomo haufunguki. Anasema, "Nisipojibiwa, nitarudi na mitende itakufa. Nikijibiwa, nitaingia kama alivyoingia Baba. Peke yangu siwezi. Tukiwa wawili, tutaweza." Kaniomba niseme redioni, huenda Azzam yumo garini anatusikiliza. Azzam, kama unatusikia, zamu ya nyumba yenu ni kesho.

Nasi wengine tujiulize, wasikilizaji wapendwa. Nani alisimama mlangoni petu akaita, tukamsikia, tukanyamaza? Hodi zina mwisho. Ya tatu ikishapita, anayeita keshageuka.

Huwaida kanieleza kitu cha mwisho kwenye ile sauti yake. Kabla ya kunitumia mimi, kamwandikia ndugu yake. Aliandika: Karibu. Akaongeza: Mbona umekawia? Akayatazama yale maneno ya mama yake. Akayafuta. Akabakisha lile la kwanza, akalituma.

Karibu.

Limefika. Limesomwa. Mpaka naingia hewani, jibu hakuna.