Goti la Fundi na Mbunge Aliyesema Hapana

Benchi letu liko nje ya duka la dawa, mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, na sheria yake kila mtu anaijua: anayelipinga benchi hunywa kahawa yake amesimama. Jana redio ilitangaza kwamba bunge zima limepigia kura vita, isipokuwa mbunge mmoja aliyesema hapana, akazomewa mpaka nje. Leo tulikuwa tunamsifu huku tukingoja jioni, tukawavamie wale wa kijiwe cha ng'ambo waliochukua ubao wetu wa drafti. Tulikuwa wanne: Dalali wa vyumba, Antena mwenye redio, Fundi Cherehani mwenye goti bovu, na mimi.

— Yule ndiye mwanamume, alisema Dalali. Wenzake wote mikono juu, wake kautia mfukoni. Ndiyo maana wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

— Shingo yake haina mshipa wa kukubali, akaeleza Antena. Akitaka kusema ndiyo, inakwama.

— Achana na shingo, akasema Dalali. Alipozaliwa mkunga alimpiga kofi ili alie. Akakataa. Akalia mkunga.

— Na kunyonya je? nikauliza.

— Alinyonya kwa masharti.

Kahawa ilinitokea puani.

— Haya, jioni tunavamia, akasema Dalali. Mimi nitaongoza kwa nyuma.

Fundi akaweka kikombe chini.

— Mimi siendi. Hatujawauliza. Huenda wameuazima tu.

— Unasemaje? akauliza Dalali.

— Nasema tuwaulize kwanza.

— Tukiuliza wakaurudisha, akasema Antena, tutapigana kwa ajili ya nini?

— Sisi wote tumekubaliana, we nani upinge? akafoka Dalali. Msaliti mkubwa. Simama.

Fundi akasimama, goti likalia ko, akashika ukuta. Nilimwonea huruma kweli, ila nikanyoosha miguu pale alipotoka.

— Kama nilivyokuwa nasema, akaendelea Dalali, tunahitaji watu kama yule mbunge. Mtu asiyeogopa kusimama peke yake.

Hapo akatokea mama mmoja na kitambaa kwapani, mteja wa Fundi.

— Hamjambo? Fundi, mbona umesimama na goti hilo? Jamani, kwani huyu amekosa nini?

Dalali akamtazama Antena. Antena akaanza kutafuta stesheni kwenye redio iliyozimwa. Mimi nikakunja miguu, nikasogea kidogo, nafasi ya mtu mmoja.