Meza Moja, Raketi na Sufuria

Benchi langu liko nje ya mlango, chini ya dirisha la chumba cha mjukuu wangu, na kahawa hapo nimeiuza tangu meno yangu yote yakiwa mdomoni. Asubuhi ile, kati ya wateja wangu waliokaa hapo, hakuna aliyeniamkia. Katikati ya benchi, mahali pa mtu kukaa, ililala raketi ya tenisi ya binti wa jirani yetu Dereva, fremu imepasuka ubavuni, nyuzi zimelegea kama chandarua kilichozeeka. Aliyeitia nyuzi ni huyo mjukuu wangu. Ana kimashine cha kubebeka, kinakaa mezani, kina vibano vya kuikamata fremu na fimbo yenye jiwe la chuma linalovuta uzi hadi ukaze. Tangu akipate, mtaa mzima unamwita Fundi Nyuzi. Na binti ana mechi leo hii, ya kuchagua watakaoingia timu ya vijana, na raketi anayo hiyo hiyo moja. Mama yangu, Mungu amrehemu, wanaume wakigombana alikuwa akiwajazia vikombe hadi ukingoni, kila mmoja aogope kujimwagia. Nami nikajaza.

DEREVA: Nilikupa kitu kizima, Fundi. Umenirudishia kuni.

FUNDI: Fremu ilikuwa imechoka.

DEREVA: Imechoka na nini? Ilikuwa inabeba zege?

KINYOZI: Mimi nasema ni lile jiwe. Limevuta kupita kiasi. Hata mashine yangu ya kunyolea ikizidi moto, inang'oa badala ya kukata.

FUNDI: Yako inang'oa hata ikiwa baridi. Kichwa changu ni shahidi.

Kicheko kilitaka kutoka, Dereva akakizima kwa jicho. Basi akaingilia Mzee Redio. Tunamwita hivyo kwa sababu redio yake ilipokufa, yeye ndiye aliyeshika kazi yake.

MZEE REDIO: Jiwe mnalionea bure. Ubaya ni huko kubebeka. Mashine ya kweli imechimbiwa chini kwa saruji, haitikisiki. Hii asubuhi iko chumbani, jioni iko jikoni. Nguvu zote zinamwagika njiani.

KINYOZI: Na nyuzi zenyewe, mmezinusa? Zinanuka samaki. Hizo ni za kuvulia, zimepakwa rangi tu.

DEREVA: Kwa hiyo mwanangu nimemfungia ndoano.

MZEE REDIO: Hamjiulizi nani alivileta vimashine hivi mitaani? Wenye viwanja vya tenisi. Kwao wana mashine kubwa kubwa. Wakaona watoto wetu wameanza kuwashinda watoto wao, wakasema, wapeni hivyo vidogo, wavunjiane wenyewe kwa wenyewe.

KINYOZI: Halafu lile jiwe ni sumaku. Linaita radi. Jana si kulipiga radi?

FUNDI: Jana kulikuwa na jua.

KINYOZI: Radi ya juani ndiyo mbaya kabisa.

Nikawaambia wanywe. Dereva hakunywa. Alishusha sauti, na mimi ile sauti naijua. Marehemu mume wangu aliitumia akishamaliza kufoka, sasa anataka kujibiwa.

DEREVA: Fundi, niangalie. Jana mchana nilipita hapa dirishani. Niliiona raketi kitandani. Ilikuwa na nyuzi za urefu peke yake.

FUNDI: Tulikuwa tunakula.

DEREVA: Nimekuuliza habari ya kula?

FUNDI: Meza ni moja, kaka. Mashine iko juu ya meza, mke wangu amesimama na sufuria ya moto. Ningefanyaje? Nikalegeza vibano, nikaitoa, nikaiweka kitandani. Tulipomaliza nikairudisha, nikatia nyuzi za kukatisha, zile za upana.

Sauti ya mke wake ikatoka dirishani, juu ya vichwa vyetu:

— Mimi usinitaje. Nilikuuliza, hiyo inatoka au haitoki? Ukasema inatoka tu, mke wangu, pakua.

DEREVA: Na ilipasuka saa ngapi?

Fundi akakikodolea macho kikombe chake.

FUNDI: Ikiwa kitandani. Ililia. Nikadhani ni chaga za kitanda.

DEREVA: Ililia kwa nini?

FUNDI: Nyuzi za urefu zinavuta kichwa kije chini, mbavu zinatanuka. Mpaka zile za kukatisha ziingie, mashine ndiyo inayoishikilia. Ukiitoa katikati, fremu inabaki peke yake na ule mvuto wote.

DEREVA: Ulikuwa unalijua hilo.

FUNDI: Ndilo la kwanza kufundishwa.

DEREVA: Ukaitoa.

FUNDI: Nilikuwa na njaa.

Dereva akasimama. Kahawa ikamwagikia suruali yake na hata hakuitazama. Kinyozi akamshika mkono.

DEREVA: Mwaka mzima mtoto anaamka kabla yangu, anapiga mpira ukuta wa bohari mpaka mlinzi anamfukuza. Mwaka mzima. Na wewe una njaa.

KINYOZI: Kwa kweli kosa ni la chakula.

Ndani, mfuniko wa sufuria ukabamizwa.

MZEE REDIO: Lakini ile sumaku tusiitupe.

DEREVA: Mzee, nyamaza.

Hapo ndipo alipofika mpangaji mpya wa nyumba ya pili, kijana mpole, kikombe chake mkononi. Akaniamkia, akasimama akisikiliza, akaitazama raketi.

MPANGAJI: Samahani, wakubwa zangu. Sasa leo anaazima raketi ya nani?

Dereva akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Mzee Redio, naye akapangusa midomo ambayo haikuwa na kitu. Fundi hakuinua kichwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama na birika langu tangu jua linatoka, nawajazia.

Binti akatokea kwenye kona, viatu vyeupe amevisugua, nywele amezibana.

BINTI: Shikamoo, bibi. Shikamooni. Baba, mmeipata? Ulimwambia mama unatoka kutafuta nyingine.

Mtoto akavitazama vikombe, kimoja kimoja. Hakulia, wala hakumgombeza mtu, na afadhali angetugombeza. Aliichukua raketi pale katikati yao, akazikung'uta nyuzi, akaenda nayo ilivyo.

Dereva akamfuata mikono mitupu.

— Bibi, niongezee kidogo, akasema Kinyozi.

Kahawa ilikuwapo, nusu birika nzima. Nikaiingiza ndani.