Risala ya Waigizaji wa Ghala la Zamani kwa Meneja Mpya

Mgeni rasmi, Meneja wetu mpya. Mwalimu wetu wa maigizo. Wafanyakazi wenzetu wa kiwanda cha sabuni:

KARIBU
Karibu ghalani. Kiti ulichokalia ndicho kiti cha enzi, kwa hiyo usikiegemee sana. Mguu wake wa nyuma umeungwa kwa gundi. Umetukuta katikati ya mazoezi, nasi tumefurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

TULIKOTOKA
Mwalimu, mstaafu anayeishi jirani na kiwanda, alikubali kutufundisha baada ya kazi tamthilia ya kale ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni huku tukisinzia. Wana wawili wa mfalme wanapigania kiti cha baba yao, hadi kaka anapomfungulia mdogo wake lango na kumsamehe.

Bila kujua habari zetu za ndani, Mwalimu alimpa dereva wa lori nafasi ya kaka, na fundi umeme nafasi ya mdogo. Tulitazamana. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, na walikuwa hawasalimiani tangu mazishi ya mama yao, walipogombania nyumba yake. Hakuna aliyethubutu kusema, nao kila mmoja aliona kujitoa ni kushindwa.

MAFANIKIO
Vita waliigiza vizuri mno, hadi mshonaji akawaomba wayahurumie mavazi. Kazi ilikuwa langoni. Kaka alitakiwa kumkaribisha mdogo wake, naye kila mara aliukaribisha ukuta. Mwalimu alimkumbusha kwa upole kwamba ukuta haujamkosea mtu.

Jioni moja dereva alifungua lango, akakwama. Mmoja wetu alimnong'oneza mstari, akidhani ameusahau.

"Maneno ninayo," alijibu. "Mdomo ndio unakataa."

Kisha akamtazama fundi umeme, akasema yasiyomo kitabuni: "Mdogo wangu, ingia. Nyumba ya mama ni yetu sote."

Fundi umeme alikuwa na hotuba ndefu ya kujibu. Hakuisema. Aliingia, akamkumbatia kaka yake, na Mwalimu akafunga kitabu akaturuhusu twende nyumbani.

CHANGAMOTO
Tangu siku hiyo hawajui tena kuchukiana. Wakishika panga za mbao wanacheka, na tendo la kwanza limeharibika kabisa. Mwalimu anasema hilo litatengenezeka.

La pili ni zito. Tumesikia ghala hili litajazwa mapipa kabla ya onyesho. Hatuyapingi mapipa, Mheshimiwa, ndiyo yanayotulisha. Ila banda la nyuma lina nafasi, na halivuji tena, tumeliziba wenyewe.

MAOMBI
Tunaomba utuachie ghala, nawe uje siku ya onyesho. Tulikuwa tumekupangia ukae mbele, katikati ya watoto wa dereva na watoto wa fundi umeme. Watoto wamekataa kutenganishwa. Utatuwia radhi, itabidi ukae pembeni.

Mungu akupe afya, awatunze na wote unaowarudia jioni.

Ni sisi,
Waigizaji wa Ghala la Zamani