Fredrick Wakhungu na Mbwa Aliyeitwa Mmoja

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani wa hapa Kitengela, na nyinyi mliosafiri usiku kucha kutoka Kimilili, mimi ni Cindy Nanjala, mtoto wa marehemu, na kazi ya kusoma haya nimepewa kwa sababu hakuna mtoto mwingine wa kupewa. Baba Mdogo Khisa aliyapitia jana, akaniambia historia ya mtu haisomwi ikiwa na mbwa ndani yake, nikamjibu kwamba nikimtoa mbwa nitabaki na nusu karatasi, na hata sasa mkinyamaza mtamsikia, ndiye huyo analia nyuma ya jiko, na tangu Jumatano karibu kila aliyeingia getini ameniambia pole halafu akauliza, sasa huyu ataenda na nani. Nitajibu nikifika mahali pake, naomba mnivumilie, sijalala vizuri tangu Agosti.

Marehemu Fredrick Wakhungu alizaliwa tarehe 6 Juni 1943, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Barasa na Mama Nekesa, ambao wote wametangulia. Cheti cha ubatizo kinasema 1943, kitambulisho kinasema 1945, mwenyewe alikuwa anatumia ule mwaka uliomfaa siku hiyo. Alisoma shule ya misheni pale nyumbani kuanzia 1951 hadi 1958, akapita mtihani, akakosa karo ya kuendelea, na ninajua mahali kama hapa huwa tunasema marehemu aliamua kuacha masomo ili awasaidie wazazi, lakini yeye aliniambia alilia wiki mbili.

Mnamo Aprili 1964 alikuja Athi River, akaajiriwa kuwa askari wa lango katika kiwanda cha simenti, na mwaka 1969 akahamishiwa upande wa mbwa, ambako alifanya kazi miaka ishirini na tisa, akizunguka ua na kamba mkononi, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 1998. Alimuoa mama yangu, Selpha, tarehe 18 Desemba 1971, kanisani Kimilili, na tarehe 3 Februari 1974 wakanipata mimi, na baada yangu hawakupata mwingine, jambo ambalo baadhi yenu mlimpa Mama pole juu yake kwa miaka ishirini na mitano bila yeye kuwaomba. Walinunua ploti hii mwaka 1986, wakati hapa kulikuwa na swala wengi kuliko watu. Mimi nilimaliza chuo kikuu 1997, nikapata kazi katika ofisi ya maji Kajiado, nikahamia huko, na Mama akatuacha tarehe 11 Oktoba 1999, kwa hiyo Baba alistaafu akirudi kwa mke, na mwaka mmoja baadaye alikuwa akipika ugali wa mtu mmoja.

Hapo ndipo alipoanza kufuga mbwa wa kuzalisha. Alijenga vibanda vinne kwa mawe ya machimbo, akanunua jike la German shepherd aliyemwita Zuri, na kufikia 2001 jina lake lilikuwa limefika Isinya hadi Bisil, watu wakawa wanaweka oda mbwa akiwa bado tumboni, jambo ambalo Baba mwenyewe alinifundisha kwamba halifanywi. Februari 2002 tumbo la Zuri lilikuwa kubwa mno, Baba akalipapasa kwa mkono wa miaka ishirini na tisa, akatangaza ni saba, akaandika majina ya watu saba kwenye kalenda ya ukutani. La kwanza lilikuwa la Haibe, mfanyabiashara wa mifugo kule Bisil, ndugu wa jirani yetu Mama Sadiyo, fisi walikuwa wamezoea boma lake, na Baba alimpa mkono juu ya ukuta huu wa Sadiyo, akamwambia, "Atakayetangulia kutoka ni wako, haki ya Mungu."

Siku za Zuri zikafika, zikapita, uchungu haukuja. Daktari wa mifugo, Bwana Ndulu, aliitwa tarehe 14 Machi 2002, akasema mtoto akiwa peke yake wakati mwingine mwili wa mama haupati habari kwamba ni saa ya kuzaa, akampasua juu ya meza ya chakula ya Mama, nami ndiye niliyeshika taa, na katika tumbo lile lote mlitoka maji mengi na mtoto mmoja, dume, mkubwa kama mkate. Wote saba walikuja kuangalia, kila mmoja akauliza wangapi, Baba akajibu mmoja, na kwa sababu alijibu hivyo wiki nzima, lile likawa jina lake.

Wale mnaodhani mtoto mmoja ni kazi nyepesi kuliko saba, mngekuja mkaona. Zuri aliamka kwenye dawa akamnusa yule mtoto kama mzigo wa mtu mwingine, maziwa yakawa kidogo, na hayo kidogo yakavimba ndani, kwa maana mdomo mmoja hauwezi kufungua chuchu nane, ikawa Baba anamkanda kwa kitambaa cha maji moto na kumhamisha mtoto chuchu hadi chuchu. Mtoto wa mbwa aliye peke yake hana wa kulalia, anapoa, kwa hiyo Baba alichukua sweta yangu ya Form Four, bila kuniuliza, akaikata, akaishona ndugu sita, akawajaza pumba, akawasugua kwenye manyoya ya Zuri wapate harufu, akawapanga na chupa za maji moto, na ninyi mlionipa pole kwa kukosa ndugu, jueni kwamba sweta yangu ilipata sita.

Maziwa yalitoka kwa Mama Sadiyo. Kwa dini yake mbwa hashikwi ovyo, na hakumshika hata siku moja, lakini kila asubuhi na kila jioni, kwa wiki tano, aliweka chupa ya maziwa ya mbuzi juu ya ukuta, akabisha kwa kijiwe, akaenda zake, na Baba alipotaka kumlipa alikataa, akasema, "Mzee, hiyo si ni mbwa ya Haibe? Utanilipa aje nikilisha mbwa ya ndugu yangu?" Nilikuwa nimesimama pale, nilisikia, na naomba mlikumbuke neno hilo.

Alipoota meno kazi ikawa mpya. Mtoto mwenye ndugu huuma na kuumwa, hulia na kulizwa, na hivyo hujua jino linaishia wapi, huyu wa peke yake hakuwa na wa kumfundisha, ndugu wa pumba hawalii, basi Baba akageuka ndugu. Alipiga magoti sakafuni, akaacha mikono iumwe, na kila alipoumwa zaidi ya kiasi alipiga yowe kama mtoto wa mbwa, akampa mgongo, akasusa. Mzee Gakuru wa kanisa, ambaye ameketi pale na anacheka tayari, alikuja kumtembelea mjane wa kiume, akamkuta kwa miguu minne anabweka, akauliza kwa upole kama ni malaria, Baba akamwambia, "Ngoja kidogo Mzee, saa hii mimi ni ndugu yake." Mzee Gakuru aliomba, nafikiri aliomba kwa muda mrefu.

Sasa nafika mahali ambapo Baba Mdogo alitaka niruke. Haibe alikuja Mei 2002, mtoto akiwa na wiki nane, Baba akamwambia mbwa wa peke yake hatolewi mapema, na hilo lilikuwa kweli. Akaja Julai, akaambiwa bado anauma watoto, na hilo pia lilikuwa kweli. Akaja Desemba, mbwa ametulia, anachukua mfupa mkononi mwa mtoto kama anachukua sakramenti, Baba akamwambia bado kidogo, na hilo lilikuwa uongo. Baba alijitolea kumpa mtoto wa uzao uliofuata, bila malipo, Haibe akakataa, akasema alipewa mkono kwa ajili ya yule wa kwanza, hatabadilisha mkono. Hakumfokea, hakumpeleka kwa chifu, aliacha tu kuuliza, na kila alipokuja kwa dada yake alimsalimia Baba juu ya ukuta, na nadhani Baba angependelea kutukanwa. Mwaka 2006, ukame ulipokuwa mkali, fisi waliingia boma la Haibe mara mbili wakamaliza mbuzi kumi na tisa, na habari hiyo ilipofika hapa Baba hakula siku nzima, lakini mbwa hakutoka.

Nilimpigia simu kutoka Kajiado, nikamwambia Baba, mpe mtu mbwa wake, na wengi wenu mnanijua, sikumwambia kwa adabu sana. Akasema, "Mama yako alienda, wewe ukaenda, huyu hata geti likiwa wazi haendi." Nilikata simu. Ningetaka kuwaambia kwamba nilirudi nyumbani wikendi hiyo, lakini sikurudi, nilikuja Pasaka.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umegunduliwa mwaka 2004, figo zikaanza kuchoka Novemba 2007, na kuanzia Mei mwaka huu nilichukua likizo bila mshahara, nikarudi kulala katika chumba changu cha zamani, nikawa nampeleka Nairobi kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, tunatoka alfajiri, tunarudi amechoka, nimechoka, na Mmoja amelala getini pale pale tulipomwacha. Tarehe 9 Septemba 2008, siku ya Jumanne, saa tano asubuhi, akiwa hospitalini, Baba alipumua mara ya mwisho nikiwa nimeshika mguu wake, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano. Hakuacha neno juu ya mbwa, wala sikumuuliza, nilidhani bado tuna wiki.

Jumatano nilipotafuta kitambulisho chake kwenye mkebe wa biskuti, nilikuta kadi ya chanjo ya Mmoja, ninayo hapa. Ina mihuri saba ya Bwana Ndulu, kila mwaka mmoja, haikurukwa hata mwaka wa figo, na juu, mahali pa jina la mwenye mbwa, kwa mwandiko wa Baba na kalamu ya Machi 2002, imeandikwa Haibe, Bisil. Nilimuuliza Bwana Ndulu, akasema ndiyo, kila mwaka alimuuliza kama abadilishe jina, kila mwaka Baba akasema, "Acha hivyo hivyo, mbwa si wangu." Miaka sita alimlisha mbwa wa mtu, akijua ni wa mtu, akishindwa kumtoa. Sitaki kulipamba jambo hili, alimkosea Haibe, na alikuwa mtu mwaminifu, mambo yote mawili yako kwenye kadi moja.

Basi wale mnaouliza ataenda na nani, ana mwenyewe. Nilimpelekea Haibe kadi hiyo Alhamisi, nikamwambia amchukue hata siku hiyo, akaisoma, akaikunja, akanirudishia, akasema, "Huyu leo amefiwa kama wewe. Nani anatoa mtu kwa matanga na kamba? Mimi nakuja Jumatatu, hema ikishatolewa." Haibe yuko pale nyuma, karibu na jiko, na mkisikiliza mtasikia kwamba kilio kimepungua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Baba, hasa yule muuguzi aliyemwita Mzee wa Mbwa na kumfanya acheke akiwa na mirija, tunawashukuru wenzake wa kiwandani walioleta viti, kanisa lililoleta hema, wenzangu wa ofisi ya maji waliofanya kazi yangu miezi minne, na Bwana Ndulu. Mama Sadiyo, chupa zako tumezipata zote kabatini, zimeoshwa, nitakuletea mwenyewe, na maziwa yale hatuna namna ya kuyarudisha isipokuwa kwa kumrudisha aliyeyanywa.

Pumzika kwa amani, Baba. Uliifanya kazi ya ndugu sita, na ile ya saba, ya kumtoa, ilikushinda, niachie mimi, Jumatatu nitafungua geti.